Namna ya Kushughulikia Makosa ya Usomaji Unapohamishia CD za Muziki Kwenye Kompyuta

Wengi wanaoniletea CD zao hapa Mtwara mjini huwa wamekwisha kujaribu wenyewe kabla ya kufika mezani kwangu. Wameifungua CD kwenye Windows, wameona orodha ya faili zinazoishia na .cda, wakazinakili zote kwenye flashi, na walipoichomeka flashi kwenye redio ya gari haikutoka hata sauti moja. Sababu ni kwamba kila faili ya .cda ina baiti 44 tu, nayo si wimbo bali ni kielekezo kinachoiambia kompyuta wimbo unaanzia wapi na kuishia wapi. Muziki wenyewe umebaki palepale kwenye CD, na ili kuutoa inahitajika programu inayousoma sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, na kuuandika upya kuwa faili ya sauti ya aina ya WAV au FLAC. Kwa CD mpya, kazi hiyo ni ya dakika chache. Mwongozo huu unahusu zile nyingine: CD ambazo zimekaa miaka 15 au 20 katika nyumba za pwani, zikapita kwenye deki tatu, zikaazimwa na nusu ya mtaa, na sasa zinakwama.

Kwanza itambue CD uliyonayo, kwa sababu si kila CD yenye nyimbo ni CD ya muziki kwa maana ya kitaalamu. Ukiifungua ukakuta faili za .mp3, hata zikiwa 120, hiyo ni CD ya data; ukikuta folda iitwayo MPEGAV yenye faili za .DAT, hiyo ni VCD, kama zile za kwaya na taarabu zilizokuwa zikiuzwa stendi. Hizo mbili zina mambo yake na sitazieleza hapa, ila niseme tu kwamba CD ya MP3 ina nafuu. Kila sekta yake hubeba baiti 2,048 za data pamoja na tabaka la ziada la kusahihisha makosa, na programu ya ddrescue kwenye Linux huweza kuirudia sehemu mbovu mara nyingi, kisha ikakueleza kwa yakini ni sekta zipi imezipata na zipi imezikosa. CD ya muziki haina tabaka hilo. Sekta yake ya baiti 2,352 imejaa sauti tupu, na kila sekunde moja ya muziki imekatwa katika sekta 75.

Kosa linavyojificha

Kampuni za Philips na Sony, zilizoweka kanuni za CD ya muziki mwaka 1980 na kuiingiza sokoni mwaka 1982, zilijua kwamba itachubuka. Kwa hiyo sauti haikuandikwa kwa mfuatano wa moja kwa moja, bali imetawanywa na kufumwa pamoja na data ya kusahihishia, ili mkwaruzo mmoja uguse vipande vidogovidogo vya nyakati tofauti badala ya kufuta kipande kimoja kizima. Mpango huo unaweza kurudisha kikamilifu pengo la takriban biti 4,000 zinazofuatana, sawa na milimita 2.5 hivi za njia inayopitiwa na leza. Pengo likizidi hapo, deki haikwambii kitu: inakisia sauti iliyopotea kwa kutazama iliyotangulia na iliyofuata, kisha inaendelea kuimba. Pengo likizidi sana ndipo unaposikia tiki, mkwaruzo, au wimbo kuganda.

Draivu ya kompyuta, yaani kifaa chake cha kusomea CD, huweza kufanya vivyo hivyo, ikakukabidhi sekta ya kukisia kana kwamba imeisoma. Programu za kawaida za kuchezea muziki, ambazo pia zina kitufe cha kunakili CD, huipokea bila kuuliza na mwishoni hukuandikia kwamba kazi imekamilika. Usitegemee sikio lako pekee kukuokoa. Katika wimbo wa sindimba, ambamo ngoma zinapigwa kwa kasi na vigelegele vimejaa, tiki tatu au nne hupita bila mtu kuzitambua, ilhali katika kaswida ya sauti moja isiyo na ala, tiki moja tu humshtua kila aliyeketi chumbani. Kosa ni lile lile, na katika wimbo wa kwanza utaligundua baada ya miaka, wakati CD yenyewe imekwisha kutupwa. Kwa sababu hiyo, lengo la kila hatua ninayoieleza hapa chini ni kujua kwa hakika ni sekunde zipi zimesomwa sawasawa na zipi zinatiliwa shaka. Kuzirekebisha huja baadaye.

Kuikagua na kuiosha

Ishike CD kwa kingo zake, washa tochi ya simu, uiweke nyuma ya upande wa maandishi na utazame kutoka upande wa leza. CD nyingi za kuchoma hupitisha mwanga hafifu kidogo na hilo lisikutie hofu. Unachokitafuta ni vitundu vyenye mwanga mkali, kama nyota. Vitundu hivyo maana yake ni kwamba utando unaorudisha mwanga wa leza umebanduka, na pale ulipobanduka hakuna sabuni wala dawa itakayousomesha. Watu hulinda upande unaong'aa na kuudharau wa maandishi, wakati mambo ni kinyume: kwa upande wa leza kuna plastiki yenye unene wa karibu milimita 1.2, lakini kwa upande wa maandishi utando huo umefunikwa na rangi nyembamba tu. Ukucha mmoja unaweza kuumaliza. Kama CD imebandikwa karatasi ya jina na unyevu wa pwani umeanza kuinyanyua pembeni, ibonyeze irudi, wala usiibandue, kwa kuwa huondoka na utando wote.

Ukiona michoro kama ya mizizi inayoanzia ukingoni kuelekea ndani, huenda ni kuvu. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza kuvu wa jamii ya Geotrichum aliyekuwa ameila CD iliyotoka Belize, nchi yenye joto na unyevu kama huu wetu, kwa hiyo si hadithi ya kubuni. CD ya namna hiyo itenge na nyingine na uisome mapema.

Kagua pia tundu la katikati. CD yenye ufa unaoanzia hapo isiingie kabisa katika draivu ya mwendo wa juu. Draivu iliyoandikwa 52x, yaani mara 52 ya mwendo wa kawaida, huweza kuizungusha CD kwa karibu mizunguko 10,000 kwa dakika, na CD yenye ufa hupasuka humo ndani vipande vipande, ikaondoka na draivu yako.

Baada ya ukaguzi, puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono, si kwa mdomo, kisha isome CD mara moja kabla ya kuiosha. Najua wengi huanza na kuosha. Mimi nimejifunza kuchukua kwanza kile kinachosomeka, kwa sababu kila unapoigusa CD kuukuu unaweza kuiharibu zaidi, na nakala yenye mapungufu ni bora kuliko kutokuwa na nakala. Isipokuwa tu kama imejaa matope au mafuta, maana uchafu huo utaishia kwenye jicho la draivu.

Unapoiosha, tumia maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, paka kwa ncha za vidole, suuza, kisha kausha kwa kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Fulana kuukuu inafaa kuliko leso mpya. Kipitishe kitambaa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala usizungushe. Kumbuka ule mpango wa milimita 2.5: mkwaruzo unaokata njia za leza kwa upana hugusa kila njia kwa nafasi ndogo sana na kusahihishwa, bali mkwaruzo uliozunguka pamoja na njia hufuata sauti ile ile kwa urefu mkubwa, na hauna dawa. Suuza la mwisho lisiwe la maji ya kisima. Visima vingi vya hapa pwani vina chumvi, na maji yake yakikauka huacha madoa meupe ambayo leza huyaona kama ukungu. Maji ya kunywa ya chupa au ya mvua yaliyochujwa yanatosha. Mtu akikushauri maji ya betri, mwulize ni yapi, kwa kuwa dukani chupa ya maji safi na ya asidi hukaa rafu moja.

Alama za vidole huondoka kwa sabuni. Msimu wa korosho, hata hivyo, huwa naletewa CD zenye madoa ya kahawia ya mtu aliyeishika akitoka kubangua, na mafuta ya ganda la korosho ni makali kiasi cha kuunguza ngozi. Hayo yafutwe mapema kwa sabuni. Usijaribu petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwani huyeyusha plastiki na kuiacha nyeupe. Na wale wanaopaka mafuta ya nazi kwenye mikwaruzo, wajue kwamba CD ikizunguka mafuta hayo hurushwa kwenye lenzi, na kuanzia hapo kila CD utakayoweka itakuwa na makosa.

Draivu

Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi haziji na draivu, kwa hiyo wengi hununua ile nyembamba ya kuchomeka kwa USB. Inafaa, lakini hutegemea umeme wa tundu la USB, na tundu dhaifu au kebo ndefu huifanya isite katikati ya usomaji, ukadhani CD ni mbovu. Ikiwa kebo ina vichwa viwili, chomeka vyote. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, siyo ya mbele. Mimi napendelea draivu pana iliyotolewa kwenye kompyuta za mezani zilizotumika, ambazo mafundi huziuza kwa bei ya chini kwa sababu hakuna anayezitaka, nikaiunganisha kwa adapta yenye umeme wake yenyewe. Draivu ya DVD husoma CD vizuri.

Kama una nafasi, uwe na draivu mbili za watengenezaji tofauti. Sijawahi kupata sheria ya kusema ipi itaisoma CD ipi. Ninachojua ni kwamba ile iliyoshindwa na wimbo wa 3 hapa inaweza kuumaliza wimbo huo bila kikwazo kwenye nyingine, na kinyume chake. Jaribio hilo halina gharama wala halidhuru CD, na linapaswa kutangulia kila namna ya kuisugua.

Mambo mawili ya draivu yatakuhadaa usipoyajua. La kwanza ni kache, yaani kumbukumbu ya muda ambamo draivu huhifadhi ilichosoma punde. Programu inapoomba sekta ile ile mara ya pili ili kulinganisha, draivu huitoa kwenye kache badala ya kuisoma upya, na majibu mawili yanayofanana huwa kwa kweli ni jibu moja lililorudiwa. La pili ni ofseti. Kila aina ya draivu huanza kusoma mbele au nyuma kidogo ya mahali halisi, kwa idadi isiyobadilika ya sampuli (vipimo vidogo vinavyounda sauti), kwa mfano 6 au 667, na kwa kuwa sekunde moja ina sampuli 44,100, sikio halitambui tofauti hiyo kamwe. Lakini ukilinganisha faili ya draivu moja na ya nyingine kabla ya kurekebisha ofseti, zitaonekana tofauti ingawa sauti ni ile ile.

Programu na mipangilio yake

Kwenye Windows tumia Exact Audio Copy, kwenye Linux cdparanoia, na kwenye Mac XLD. Zote ni za bure, na zote hufanya jambo moja ambalo programu za kawaida hazifanyi: husoma kila sehemu zaidi ya mara moja na kulinganisha.

Katika Exact Audio Copy, fungua mipangilio ya draivu, chagua hali iitwayo Secure, kisha bofya kitufe cha kuchunguza uwezo wa draivu ili programu ijue kama ina kache na kama inatoa taarifa za C2. Taarifa hizo ni tahadhari ambayo draivu hutoa inaposhindwa kusahihisha baiti fulani, na kwa nadharia zingetosha. Kwa vitendo zipo draivu zinazosema uongo, kwa hiyo mimi huziacha bila kuwasha na kukubali kwamba kazi itachukua muda zaidi. Katika hali hii programu husoma kila sekta angalau mara mbili. Majibu yakitofautiana, huisoma mara 16 na kutaka angalau majibu 8 yafanane; yasipofanana huanza duru nyingine ya 16, hadi duru tano, ukiwa umechagua kiwango cha juu cha usahihishaji. Sekta mbovu kabisa huweza kusomwa mara 82. Ndiyo maana wimbo mmoja ulioumia huweza kuchukua saa nzima, na si dalili kwamba kompyuta imekwama. Draivu ikipata moto, ipumzishe.

Kwenye Linux amri ni hii: cdparanoia -B -S 4. Herufi B huamuru kila wimbo uwe faili yake, na S 4 hupunguza mwendo hadi mara nne ya mwendo wa kawaida. Tazama alama zinazotokea kwenye mstari wa maendeleo. Alama ya kujumlisha na ya mshangao huonyesha makosa yaliyopatikana na kurekebishwa, lakini herufi V maana yake ni sehemu iliyoshindikana na kurukwa. Faili yenye V haijakamilika hata ikiimba vizuri. Ukiongeza -z programu hukataa kuruka, nayo inaweza kukaa mahali pamoja hadi asubuhi, kwa hiyo iwekee kikomo, kwa mfano --never-skip=40 badala ya -z tupu. Kabla ya yote hayo, endesha mara moja cdparanoia -A, ambayo huchunguza kache ya draivu yako na kukuambia kama programu inaimudu.

Kuhusu mwendo, kupunguza hadi 4x au 8x husaidia mara nyingi, hasa kwa CD iliyopinda au iliyobandikwa karatasi upande mmoja. Si kila mara, lakini. Zipo draivu zinazosoma vibaya zaidi zikienda polepole mno, na zipo zisizotii agizo la mwendo hata kidogo. Jaribu 8x, kisha 4x, kisha mwendo wa kawaida, na uandike matokeo.

Kusoma ripoti

Exact Audio Copy huandika ripoti mwishoni, na ripoti hiyo ni muhimu sawa na faili zenyewe. Agiza kila wimbo usomwe mara mbili, mara ya kwanza kwa kujaribu na ya pili kwa kunakili, ili upate namba mbili za uhakiki ziitwazo CRC. Zikifanana tarakimu kwa tarakimu, usomaji wote mara mbili ulitoa sauti ile ile. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, kuna mahali palipobadilika. Ripoti huorodhesha pia nafasi za mashaka kwa dakika na sekunde, na hizo ndizo utakazokwenda kuzisikiliza.

Ipo pia AccurateRip, hazina ya mtandaoni ambamo namba za uhakiki za watu wengi huhifadhiwa, na programu hulinganisha namba zako na zao. Kwa CD iliyochapishwa kiwandani na kuuzwa nchi nyingi, ukifanana na watu kumi wa nchi tofauti huna haja ya uthibitisho mwingine. Lakini fungu kubwa la CD tunazoshika huku Mtwara na Lindi zilichomwa na mtu mmoja, kwenye kompyuta moja, kwa ajili ya harusi au kwaya moja. Hazimo katika hazina yoyote na hazitakuwamo, kwa hiyo programu ikisema haikuipata CD yako, hilo si kosa. Kwa CD hizo tegemeo lako ni kujilinganisha mwenyewe, na hapo draivu ya pili huwa na thamani kuliko programu yoyote.

Sikiliza tiki kwa makini, kwani mpigo wake hueleza chanzo chake. Mkwaruzo mmoja uliokatiza kutoka ndani kwenda nje hukutana na leza mara moja kwa kila mzunguko, na muziki unapochezwa kwa mwendo wa kawaida mizunguko ni kama minane kwa sekunde karibu na katikati, ikipungua hadi mitatu hivi ukingoni. Ukisikia tiki zenye mwendo sawa, tafuta mkwaruzo wa namna hiyo, nao huwa na matumaini. Ukisikia mchakacho mmoja mrefu usio na mpigo, tafuta mchubuko uliozunguka. CD husomwa kuanzia katikati, kwa hiyo wimbo wa kwanza uko ndani na wa mwisho uko nje, karibu na vidole vya watu.

CD ya Newala

Nitaeleza kazi moja kwa ukamilifu kwa sababu iligusa karibu kila jambo nililolitaja. Mzee mmoja aliteremka kutoka Newala na CD ya harusi ya binti yake, iliyochomwa zamani kutoka kwenye kanda, yenye nyimbo 14. Baada ya kumwamkia shikamoo na kumpa kiti, aliniambia, "Marahaba mwanangu. Hii inaimba yote, ila wimbo wa saba inaganda pale dada yangu anapoanza kuitikia." Alipokuwa akinieleza aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaipangusa kwa upindo wa kikoi, akizungusha kama mtu anayepangusa sahani. Nilimwomba kwa heshima aniachie hapo hapo.

Chini ya taa ulionekana mstari mwembamba uliopinda kufuata duara, kama sentimita mbili, katikati ya eneo lililochomwa. Hakukuwa na vitundu. Usomaji wa kwanza ulitoa nyimbo 13 zenye CRC zinazofanana, na wimbo wa saba wenye nafasi za mashaka kuanzia 2:13 hadi 2:16. Niliiosha, mashaka yakabaki. Draivu ya pili kwa 4x ikayapunguza hadi sekunde mbili, lakini kila nilipoirudia CRC ilikuja tofauti, jambo lililonionyesha kwamba draivu zote mbili zinakisia, kila moja kwa namna yake.

Nilimwuliza kama yupo mtu mwingine aliyechomewa CD hiyo. Alikuwapo: dada yake mwenyewe, aliyeko Masasi. Siku tisa baadaye nakala hiyo ilifika kwa basi, ikiwa imechubuka kuliko ya kwanza. Nyimbo zake nne hazikusomeka kabisa, lakini wa saba ulipita, CRC zote mbili sawa. Ningeweza kuuchukua wote na kuacha. Ila mwisho wa wimbo huo nakala ya Masasi ilikuwa imekatwa sekunde chache, kana kwamba aliyechoma aliishiwa nafasi, hivyo nilihitaji kuunganisha.

Hili linawezekana ikiwa tu CD zote mbili zilichomwa kutoka kwenye faili zile zile. Kama kanda ilirekodiwa upya kwa kila CD, mwendo wa kanda hutofautiana na mawimbi hayatakutana. Njia ya kujua ni hii. Fungua faili zote mbili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, moja juu ya nyingine. Tafuta kishindo kimoja cha ngoma kilicho wazi katika zote, kuza picha mpaka wimbi ligeuke kuwa nukta moja moja, kisha sogeza faili ya pili hadi nukta zilingane. Chagua faili ya pili na utumie amri ya Invert, ambayo hugeuza wimbi juu chini, halafu zicheze pamoja. Pale faili zinapofanana kikamilifu zitafutana na utasikia kimya kabisa. Pale zinapotofautiana utasikia mabaki. Kwa wimbo wa mzee yule nilisikia kimya cha dakika mbili na sekunde 13, kisha mlio kama wa mchanga unaomwagwa kwenye bati, kisha kimya tena. Kamwe sikuwa nimeisikia mipaka ya kosa waziwazi hivyo.

Baada ya hapo kazi ni ya mkasi. Rudisha wimbi lililogeuzwa katika hali yake, kata kipande cha nakala nzima kuanzia nusu sekunde kabla ya kosa hadi nusu sekunde baada yake, mahali ambapo umehakikisha kimya, na ukibandike katika faili ya kwanza. Kabla ya kuhifadhi, zima katika mipangilio ya ubora kile kinachoitwa dither, maana huongeza kelele ndogo kwenye faili nzima, na kazi yote ya kulinganisha tarakimu itakuwa bure.

Pasipo na nakala ya pili, Audacity ina zana ya Repair inayoziba pengo lisilozidi sampuli 128, sawa na chini ya sehemu tatu za elfu za sekunde. Inatosha kwa tiki. Haitoshi kwa sekunde mbili za mwitikio wa mtu, na mtu asikuambie inatosha.

Kuisugua

Kusugua upande wa leza kwa dawa ya meno nyeupe hufanya kazi wakati mwingine, kwa sababu chembe zake husawazisha kingo za mkwaruzo ulio kwenye plastiki. Nimeiweka mwisho kwa makusudi. Tumia kiasi cha punje ya mchele, sugua kutoka ndani kwenda nje kwa kitambaa chenye maji, suuza, kausha, na usome tena mara moja. Isiposaidia mara mbili, acha. Usifanye hivyo kwa upande wa maandishi, wala kwa CD uliyoona ina vitundu, wala kabla hujahifadhi kila kilichosomeka.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, ufute wimbo huo na uanze upya. Faili zikiwa tayari, zigeuze kuwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza sauti: CD ya dakika 74 huchukua karibu megabaiti 783 ikiwa WAV, na FLAC mara nyingi huishusha hadi nusu yake au zaidi kidogo. FLAC hubeba pia namba ya uhakiki ya sauti yake ndani, kwa hiyo hata baada ya miaka amri ya flac -t itakueleza kama faili imeharibika kwenye diski. Weka ripoti katika folda ile ile, na nakala ya pili mahali pengine pasipo flashi.

Katika folda ya mzee wa Newala niliandika faili fupi ya maelezo: draivu iliyotumika, tarehe, na kwamba sekunde za 2:12 hadi 2:17 za wimbo wa saba zimetoka kwenye nakala ya Masasi. CD zote mbili nilizirudisha kwenye makasha magumu, nikamwomba azisimamishe kabatini mbali na dirisha.